Gemu Chini ya Kitambaa

Basi kutoka Lindi lilikwama kwenye tope kabla ya Rufiji, tukalala njiani siku mbili, kisha tukavuka mto kwa pantoni. Nilifika Mwananyamala miguu imevimba. Shangazi, dada yake baba, alinipokea anisomeshe. Alikuwa na mwana wa rika langu na TV ya rangi iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, ambayo wanawake wa mtaa walikuja kuitazama kila jioni.

Binamu aliletewa na baba yake mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV. Haikuhifadhi mchezo, ukiizima, unaanza upya. Siku hizi gemu zilezile ninazo kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, ndani ya programu inayojifanya mashine ile. Nabonyeza kitufe kimoja, mchezo unanisubiri hata mwezi. Nachezea gesti, mji wowote nilioko, na kila nikikibonyeza naona aibu.

Siku moja, kwenye mashine ile ya binamu, nilifika mbali kuliko siku zote. Mara tukamsikia shangazi, aliyetukataza kuwasha TV asipokuwepo, yuko uani anasalimiana na jirani.

“Zima, we!” binamu alininong’oneza.

“Nianze tena? Thubutu!”

Tuliamini ukizima TV, gemu nayo inapotea. Nikaondoa sauti, nikashusha kitambaa mbele na nyuma, tukaenda madrasa. Kitambaa kiliziba matundu ya TV ya kupumulia, ikaungua. Tuliporudi, nyumba nzima ilinuka plastiki iliyoungua.

“Nani kawasha?” shangazi aliuliza.

Binamu alinitazama. Mie nikatazama mkeka.

“Si mie, mama.”

“Gemu ya nani?”

“Yangu, lakini...”

“Lakini nini? Mgeni wa watu ndo aguse?” Akanigeukia. “Eti mwanangu, ulimwona?”

“Sijui, shangazi.”

Binamu alipelekwa Kimbiji kwa bibi yake, eti akatulie. Shule ya kule ilikuwa mbali, akaishia darasa la sita. Mie nililala kwenye kitanda chake mpaka nikamaliza kidato cha nne.

Asubuhi ya kuondoka, shangazi alinifungashia mikate ya kumimina. Nilikuwa nimejiapiza kusema.

“Shangazi, ile TV...”

“Aa, yaache hayo. Mwenzio ndo alinitia hasara. Wewe hujanisumbua hata siku moja.”

Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua ndefu. Nikaitikia amina, nikabeba begi. Sijarudi tena.