Vikapu Mia Nne vya Harusi ya Dada

Sauti ilianza kama mtu anayevuta pumzi ili apige chafya, kisha chafya ikakataa kuja. Feni ya kompyuta yangu ilivuma, ikapanda, ikavuma tena, hadi nikaondoa daftari zangu za utafiti mezani zisije zikaungua. Tangu jopo la chuo linirudishie sura ya pili ya tasnifu ikiwa na wino mwekundu kila ukurasa, nilikuwa nikishtushwa hata na mlango wa jokofu. Safari hii nilikuwa na sababu: nilikuwa nimeiagiza mashine izae vikapu mia nne kwa pigo moja.

Vilikuwa vya kitambaa cha harusi ya dada yangu. Wanawake wa kwetu Gihosha walikubaliana kuvaa imvutano za sare moja, lile vazi linalofungwa begani, na mimi nikakabidhiwa kuchora nakshi. Nilichora kikapu kimoja chenye kifuniko cha ncha, kama vile tunavyowapelekea wakwe vikiwa vimejaa. Mtu wa kawaida angekinakili kwa mkono na kumaliza kwa saa mbili. Mimi nilitumia siku mbili kujifunza jinsi ya kuziepuka hizo saa mbili.

Njia yenyewe siijutii. Kikapu cha kwanza kinakuwa mama, nakala zinakuwa watoto. Mama akibadili rangi, watoto wote wanabadili. Unaandika safu ngapi, nafasi kiasi gani, na kila safu igeuke kwa nyuzi ngapi za duara. Nilikuwa nimesoma kwamba nakshi inayotazama juu na chini humwezesha fundi kukata kitambaa upande wowote. Nikaandika nyuzi mia na themanini. Feni iliponitisha, nikatuma faili kwa mchapishaji vitambaa wa mjini haraka, bila kuitazama vizuri. Alikuwa ameahidi kuanza baada ya chakula cha mchana.

Ndipo nikamwonyesha mama mdogo, aliyekuja kutoka Buterere kusaidia maandalizi. Alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta, akainamisha kichwa, kisha akakiinamisha upande wa pili.

"We, mbona hivi vitunga nusu vinamwaga?"

"Mama mdogo, ni ili fundi asipoteze kitambaa."

"Fundi ndiye anaolewa?"

"Apana, lakini kitaalamu..."

"Wakwe wa Kinindo watahesabu vitunga vyenye vinasimama, watahesabu vyenye vimepinduka, watasema tumewaletea binti na mikono mitupu. Dada yako atavaa aibu begani, na we utawaelezea kitaalamu."

Mchapishaji alikuwa na kitambaa cheupe kimoja tu, na harusi ilikuwa Jumamosi. Saa ilionyesha saba kasoro dakika kumi.

Kurekebisha kulichukua muda wa kumeza mate: nilifuta watoto wote, nikaandika sifuri mahali pa nyuzi, feni ikavuma, vikapu mia nne vikasimama wima. Faili mpya nikaituma. Lakini je, angeifungua kabla ya kuanza? Nikamwandikia ujumbe wenye hoja tatu. Nikaufuta, kwa kuwa hoja ya pili ilitangulia sababu yake. Nikaandika mwingine. Nikajiuliza kama "tafadhali" ingemfanya adhani jambo halina haraka.

"Simu iko mukononi, mudomo uko chini ya pua," alisema mama mdogo. "Unangoja nini?"

Nilingoja ujasiri. Haukuja, nikapiga bila huo.

"Alo?"

"Samahani, kaka, ni mimi wa vikapu. Usichapishe ile ya kwanza. Naomba, usichapishe."

Nyuma yake mashine ilikuwa ikinguruma.

"Hii ni kazi ya mutu mwingine," alisema. "Yako sijaigusa. Niliona vitunga vimepinduka, nikasema labda ni mambo ya masomo, nisimukosoe mutu wa chuo. Lakini nilikuwa nakungoja upige."