Meza Isiyo na Chai

Kabla sijaanza kujifunza rangi ya mafuta, kila kitu nilichochora kwenye kuta za maduka mjini Salama kilikuwa kinacheka. Kinyozi alicheka, mshona nguo alicheka, na mbuzi wa kwenye ukuta wa bucha alicheka kuliko wote, utadhani ndiye aliyeomba kuchinjwa. Wateja hawakulalamika.

Mwalimu wangu, mzee mstaafu aliyewahi kufundisha sanaa shuleni, alisema kicheko hicho ni ugonjwa. Akanipa dawa: picha aliyoikata kwenye kalenda ya zamani, ya Wazungu maskini waliotoka kuzika. Wameketi kuzunguka meza tupu, taa ni moja, nguo ni nyeusi, vichwa vimeinama. Katikati yuko mjane, mikono ameilaza mezani.

"Nakili ilivyo," akaniambia. "Usiongeze kitu."

Nikanunua tapentaini ya kuyeyushia rangi, nikaanza kutembea na brashi sikioni ili watu waniulize ni ya nini. Hakuna aliyeuliza.

Rangi ya mafuta hukauka kwa madaha, kwa hivyo picha ilikaa wiki nyingi sebuleni kwa mama, imeegemea kabati la vyombo. Nilitaka jambo moja tu: aitundike ukutani, kati ya picha ya harusi yake na ile ya dada yangu na kofia ya mahafali. Mama hakuwahi kutundika kazi yangu yoyote. Aliniita fundi wa rangi, kwa sauti ileile aliyomwitia fundi wa choo.

Siku moja akina mama wa kanisa walikuja kwa maombi, wakaikuta. Mmoja akanong'ona, "Tungoje kwanza wamalize kuomba."

"Wanaombea nini na hakuna chakula?" akauliza mwenzake. "Watu wametoka matanga, wanakaa hivyo bila chai? Hiyo ni boma ya aina gani?"

Nikainamisha kichwa upande kama mwalimu wangu, nikawaeleza kuhusu kivuli, ukweli wa maisha na uzito wa ukimya. Walinisikiliza vizuri sana.

"Ukimya ni sawa," akasema yule wa kwanza. "Lakini si ungeweka hata thamosi moja?"

Walipoondoka nilijua nimekwisha. Mama asingetundika ukutani kwake aibu ya wageni wasiopewa chai. Nikaishika picha niitoe.

"Wacha hapo," akasema. Aliitazama kwa muda mrefu. "Mwana wakwa, huyu mama wa katikati mpee kikombe."

"Mwalimu alikataa niongeze kitu."

"Mwalimu wako amezika nani?" Akaketi. "Siku tulizika babako, nilipika chai tangu asubuhi. Watu wote walikunywa, wengine wakaongezwa. Mimi hakuna mtu alinipea."

Ule uzito wa ukimya niliokuwa nikiwahubiria wageni nikaujua siku hiyo.

Nikachora kikombe. Ndicho kitu kibaya kuliko vyote kwenye picha ile; kimeenda upande na mkono wake wa kushikia ni mkubwa mno. Mwalimu alisema nimeiharibu kazi nzima. Mama ameitundika sebuleni, na mgeni akiuliza mbona amepewa chai mtu mmoja tu, humjibu akiendelea kumimina:

"Hao wengine walishakunywa."