Siku Nilipompima Mama

Miaka ile ya Ujamaa kituo chetu cha afya kilikuwa kipya, matofali tumeyafyatua wenyewe wanakijiji, na mpimaji wake nilikuwa mimi peke yangu. Nilikipenda chumba kile kupita kiasi. Tone la damu lilinionyesha malaria, choo kikanionyesha minyoo. Mkojo niliuchemsha na dawa ya buluu kutafuta sukari: ikibaki buluu, salama, ikigeuka rangi ya tofali, balaa.

Siku hiyo mama alikuja kwa treni kutoka Igalula, amekonda, anahema hata akiwa amekaa. Nikamwamkia shikamoo. Kabla ya marahaba akanitolea chupa kwenye kanga.

"Mkojo wangu huo. Nimeuleta kabisa, siwezi kuchuchumaa kwenye vyoo vya watu. Sisimizi wameuvamia, mwanangu. Ni kile kile kilichomuua dada yangu."

Kwetu kila mtu alijua sisimizi wakipenda mkojo maana yake ni kisukari.

Nikachemsha. Dawa ikawa kijani, ikawa manjano, ikatulia kwenye rangi ya tofali. Mama alijifunika uso kwa kanga. Mimi nililia, tena kwa sauti.

Chupa zilikuwa adimu, kwa hiyo huku nalia nikaenda kuiosha ile yake. Chini kulikuwa na kitu kizito, cheusi, kimeganda. Nikanusa.

"Mama, chupa hii ilikuwa na nini?"

"Asali ya baba yako. Lakini niliisuuza!"

Jamani! Nyumba gani ya Unyamwezi ilikuwa na chupa isiyowahi kutiwa asali? Nikampa vikopo vyangu viwili safi, cha haja ndogo na cha haja kubwa, nikamsukuma chooni huku ananung'unika.

Mkojo mpya ukachemka weee, buluu tupu. Nikahamia kwenye darubini kupima choo. Mayai ya safura yalikuwa tele! Kumbe minyoo hiyo ndiyo iliyokuwa inammaliza damu, na dawa yake ilikuwa kabatini.

"Mama, una minyoo!" nikapiga kelele, nikamkumbatia. "Una minyoo mingi sana!"

Benchi zima la wagonjwa likageuka. Nilidhani mama atanifinya. Badala yake alijifunga kanga vizuri, akasimama mlangoni, machozi yanamtoka, akawatangazia wote:

"Nina minyoo!"

Mwanamke mmoja asiyemjua akampigia vigelegele.