App ya wazungu ilipokataa kuamini kwamba sisi ni ndugu, na pesa za jicho la mama zikafungwa ndani

Wakuu, nawasalimu kutoka Butembo, kwenye baridi yetu na vumbi letu.

Mimi humu ni msomaji. Nikiandika, mara nyingi ni kumpinga mtu. Leo simpingi yeyote. Nasimulia kitu kilichonipata mimi mwenyewe, sikuongeza chumvi, na pale penye aibu yangu nimeiacha ibaki. Kiswahili chetu kimelala na Kifaransa kitanda kimoja, mtanivumilia.

Nina digrii ya uchumi na ugonjwa mmoja: siamini. Chuoni professeur mmoja aliniita "Monsieur Pourquoi", yaani Bwana Kwa Nini, mpaka nikamaliza. Coopérative moja ya hapa mjini ilipofunga milango na akiba za watu ziko ndani, mimi sikupoteza hata franga, kwa sababu sikuwahi kuweka. Ule mchezo wa "leta mia, uvune mia tatu" ulipopita makanisani niliupinga mpaka nikaitwa mpinga Kristo. Mama yangu alisema, "Weye siku moja utauliza hata sombe ya kwa sahani kama ni ya kweli."

Sasa mtu kama huyo aliingiaje kwenye app ya kigeni?

Kazi. Ninaandika maneno ya sauti zilizorekodiwa, kwa kampuni ya nje, na wanalipa kwa dola. Nilihitaji pa kuzipokelea. Rafiki akanionyesha app moja, jina silitaji. Nilisoma masharti yote, kurasa thelathini na moja. Nikaweka dola kumi, nikazitoa. Nikaweka ishirini, nikazitoa. Mara ya tatu ndiyo nikaziacha zilale.

Miaka miwili ilinitendea mema, lazima niseme haki. Mshahara unaingia. Card yake inalipa internet. Na kila nikilipa kitu, chenji inayobaki inaingia yenyewe kwenye fund, vipande vidogo vidogo vya makampuni mengi ya ulaya. Polepole nikawa na dola mia tisa humo.

Kwa ninyi mlioko nje ya Kongo: huku dola ya karatasi ikichanika hata kama ukucha wa mtoto, muuzaji anakurudishia. Dola ya ndani ya app haichaniki. Hilo peke yake lilinishawishi kuliko matangazo yao yote.

Basi.

Mama alianza kusema anaona pazia. "Iko inashuka upande moja, kama mutu anafunga dirisha." Tukampeleka kwa daktari wa macho hapa Butembo. Akasema retina inabanduka, inahitaji upasuaji Kampala, na haraka. Wiki mbili, tatu akiwa na bahati. Baada ya hapo, jicho lingebaki la kupokea machozi tu. Na jingine lilishakufa zamani.

Bei pamoja na kulala: dola elfu mbili na mia tatu.

Tuko watoto watano, baba ni marehemu. Mkubwa wetu, Mumbere, anakaa Beni na anafanya biashara ya kakao. Ndiye aliyekuwa wa kumpeleka mama. Swali lilikuwa pesa zipite wapi. Kubeba dola elfu mbili mfukoni kutoka Beni mpaka mpakani, anayeijua ile barabara hatauliza kwa nini tulikataa.

Mimi Monsieur Pourquoi nikasimama mbele ya familia. "Tumeni kila mtu kwenye app yangu kwa simu yake. Mimi nitauza vipande vyangu vya fund, niongeze. Hospitali nitalipa kwa card, dakika moja."

Dada yetu Masika akaniangalia. "Weye? Weye ndiye unasema tuamini kitu?"

"Hii nimeipima."

Wakatuma wote wanne siku moja. Mimi nikauza vipande vyangu, kwa faida kidogo hata. Mumbere na mama wakavuka mpaka, wakafika Kampala. Hospitali ikawapa siku: Ijumaa ya wiki inayofuata, mkilipa kabla.

Jumatatu naamka, pesa za fund zimeshaingia, nafungua app nilipe.

Account yako iko under review.

Nilijaribu kulipa. Imekataa. Nilijaribu kutoa dola kumi, kama siku ile ya kwanza. Imekataa.

Nikaandika support. Kwanza roboti, kisha mtu, tumwite Clara. Ana adabu sana, adabu ile ya kukufanya utake kutafuna simu. Akaeleza: account yangu ni ya mtu binafsi. Imepokea pesa kutoka kwa watu wanne wasiohusiana, siku moja, na mmoja ameandika sababu kuwa "cotisation", yaani mchango. Inaonekana ninakusanya pesa za umma. Ni kinyume cha masharti.

Wakuu, hicho kipengele nilikisoma. Nakumbuka hata ukurasa. Nilikisoma nikapita, kwa sababu kinasema "pesa za watu wengine", na kichwani mwangu ndugu zangu si watu wengine.

Nikajibu: hao ni kaka yangu, dada zangu na mdogo wangu.

Clara akajibu: Mumbere, Masika, Kavira, Kasereka. Na wewe ni Kambale. Hakuna hata wawili wenye jina moja la familia. Tafadhali tuma uthibitisho.

Hapa niwaeleze wasio wa kwetu. Sisi Wanande hatuna jina la ukoo linalotoka kwa baba. Mtoto anaitwa kwa zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Msichana wa kwanza Masika, wa pili Kavira. Baba yetu alikuwa Katembo, maana yeye alikuwa wa tano kwao. Kwa hiyo kwetu, watu wa nyumba moja wakiwa na jina moja, hapo ndipo utauliza maswali. Butembo ukiita "Kambale!" sokoni, nusu ya soko inageuka na hakuna hata mmoja ndugu yako.

Niliandika yote hayo. Clara akasema inavutia sana, na anasubiri hati.

Hati gani? Mimi nilifungua app kwa passport, haina majina ya wazazi. Ndugu zangu wana kadi za mchaguzi, na zenyewe zinaandika baba na mama. Nikawaambia wapige picha. Wakongomani wenzangu humu mmeshacheka. Wino wa zile kadi unafutika. Ya Masika imebaki nyeupe kama ganda la yai, sura yake imekuwa kivuli. Ya Kavira inasoma "Ka" na tarehe. Za Mumbere na Kasereka, hivyohivyo.

Nikaenda bureau ya quartier, ofisi ya mtaa, nikalipa, nikapata attestation yenye majina yetu yote na mhuri mbichi. Clara akaikataa: imetolewa leo, baada ya account kufungwa. Tunaomba hati ya zamani.

Na vyeti vya kuzaliwa? Wazazi wetu walituzaa Kirumba, kati ya shamba na kanisa. Nani alienda état civil kutuandikisha?

Jumanne jioni Mumbere akapiga kutoka Kampala. Sauti yake ilikuwa chini, mama alikuwa karibu.

"Petit, makuta ya hospitali iko wapi?"

"Iko, grand. Wanaishikilia tu."

"Iko na haiko? Hiyo ni makuta gani?"

"Banataka tuonyeshe kama tuko famille."

Akasogea mbali na mama. Kisha: "Nimepata mutu wa kununua shamba ya papa kule Mabalako. Anatoa bei ya kuiba. Mais anatoa cash, hapa hapa Kampala, kesho kutwa saa sita. Nikifika hapo bila jibu yako, naitika."

Lile shamba la kakao baba alilipanda mti kwa mti. Ndilo linalosomesha watoto wa Mumbere na ndilo linalomlisha mama. Kwa hiyo ilikuwa hivi: mpaka Alhamisi mchana, ama nifungue app, ama shamba liende. Na bei ile hata isingetosha yote, Mumbere angekopa juu yake.

Usiku ule sikulaumu app. Nilijilaumu mimi. Nilikuwa nimemshuku kila mtu mwenye sura, mchungaji, gérant wa coopérative, jirani. Kitu kisicho na sura nikakipa mama yangu.

Masika ndiye aliyekumbuka. "Batême. Tukibatizwa, kanisa ya Kirumba iliandikaga kila kitu."

"Kirumba huko nani ataenda sasa?"

"Hapana enda. Mama Kanyere iko hapa."

Mama Kanyere alikuwa katibu wa paroisse yetu Kirumba. Vita vilipofika, watu walibeba magodoro, mbuzi, sufuria. Yeye alibeba madaftari matatu ya kanisa ndani ya mfuko wa mchele, akatembea nayo mpaka akapata lori. Niliposikia habari hiyo mwaka ule nilicheka, nakiri. Nilisema hadharani, kwenye harusi ya binamu, kwamba mtu anayeacha mbuzi na kuokoa orodha ya watu waliolowana ana shida.

Jumatano asubuhi tulimkuta anachambua maharagwe mlangoni pa nyumba aliyopangishiwa. Aliniangalia, akamgeukia Masika.

"Huyu si ule mwenye alisema batême ni kuoga tu?"

Masika akaangalia pembeni, mabega yanacheka.

"Ni mimi, mama."

"Na sasa unataka nini kwa benye walilowana?"

Nikaeleza. App, Clara, jicho, shamba. Aliendelea kuchambua, mawe huku, maharagwe kule. Nilipofika kwenye jicho akaacha sinia, akaingia ndani. Akarudi na mfuko wa mchele.

Wakuu, yale madaftari. Wino wa bluu, mwandiko wa kulala, kila ukurasa na mhuri wa mwaka wake. Mumbere, mwana wa Katembo na wa mama yetu, jina lake kamili. Kurasa kadhaa mbele, Masika, baba yuleyule, mama yuleyule. Kisha mimi. Kisha Kavira. Kisha Kasereka. Na pembeni, kwa mkono wa Mama Kanyere mwenyewe enzi hizo bado msichana: "mtoto wa pili mume", "mtoto wa kwanza mke". Kile ambacho nilishindwa kumweleza Clara kwa aya nne, yeye alikiandika kabla sijafikisha miaka kumi na tatu.

Nilipiga picha kila ukurasa, na jalada, na mihuri. Nikauliza nimpe ngapi.

"Kwa kuoga tu? Ni bure," akasema. "Mais dimanche nakuona kanisani."

Nilituma saa tano. Niliandika kwa ufupi mara hii: tazama safu ya wazazi, usitazame safu ya watoto.

Saa tano ikawa saa tisa. Ikawa jioni. Hakuna kitu. Nililala na simu kifuani kama mgonjwa na Biblia.

Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, ikalia. Clara. Anasema timu yake imezipitia hati, uhusiano wa kifamilia umethibitishwa, samahani kwa usumbufu. Na mstari mmoja chini: "Kama nimeelewa vizuri, wewe ni mvulana wa pili?"

Nikajibu ndiyo.

Nililipa hospitali hapohapo, nikatuma picha ya risiti kwa Mumbere. Hakujibu. Nikapiga, hashiki. Nikapiga tena. Saa sita kasoro kidogo akapiga mwenyewe, na nilisikia kelele ya wauguzi nyuma yake.

"Nilikuwa kwa caisse ya hospitali, nahakikisha kama karatasi yako ni ya kweli," akasema. "Na weye ni weye, siwezi amini tu. Mutu wa shamba nimemurudisha."

Halafu akacheka, nikacheka, na nikagundua nimekaa chini kwenye vumbi mbele ya duka la mtu.

Mama alipasuliwa Ijumaa. Walimwekea gesi ndani ya jicho, na akaamriwa kulala kifudifudi siku nyingi. Kila nikipiga analalamika: "Nilikuja Kampala kuangalia pavement." Daktari alimkataza kurudi Butembo mapema, kwa sababu tuko juu mlimani na ile gesi ingevimba. Wiki zikapita. Amerudi Jumamosi iliyopita.

Nilichojifunza, na mnaruhusiwa kunipinga. App ile sijaifuta, mshahara bado unaingia humo na chenji bado inakwenda kwenye fund. Ila siweki tena pesa ya dharura mahali ambapo lazima nimthibitishie mgeni mimi ni nani. Ya dharura iko hapa, karibu na mkono. Na hati za familia zipigeni picha leo, kabla hamjaulizwa. Mama Kanyere sasa ananikubalia nije kila Jumapili baada ya ibada kupiga picha daftari zima, ukurasa kwa ukurasa. Tumefika mwaka wa Masika.

Ninyi wa Bukavu, Goma, hata Kasese na Tanzania: imewahi kuwatokea app ikakataa majina yenu? Mlitoka vipi? Leteni, nasoma zote.

Ah, mama. Aliposhuka kwenye gari Jumamosi alisimama, akanishika kidevu, akanigeuza upande wa mwanga, akanitazama kwa lile jicho moja.

"Kambale," akasema, "kumbe ndevu zako ziko mubaya hivi, na hakuna mutu alikuambia?"