Timu ya Daima

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1993, nilikuwa uani kwetu Kibiti nikiponda barafu kwa mchi, nimeifunga ndani ya kipande cha kanga ili isiruke. Baba hakuweza tena kumeza uji, na maji yalimpalia. Kitu pekee kilichopita kooni mwake bila kumtesa kilikuwa chembe za barafu, ambazo aliziacha ziyeyukie juu ya ulimi huku amefumba macho. Madaktari wa Dar es Salaam walikwisha kutueleza kwamba uvimbe umeziba umio na kwamba tumechelewa. Wakatupa vidonge vya maumivu na ushauri wa kumrudisha nyumbani.

Barafu ilitoka kwenye friji la mafuta ya taa la mwenye duka, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Asubuhi hiyo, aliponikabidhi bakuli, aliniambia jambo ambalo nililibeba pamoja na barafu nisijue pa kulitua. Duka limeuzwa. Friji limo katika vitu vilivyouzwa. Yeye na mkewe wanaondoka wiki ijayo kwenda kwa binti yao, Kanada.

"Mwanangu," aliniuliza, "nitamwambiaje mtani wangu?"

Kwa asili mwenye duka hakuwa mtani wetu. Sisi ni Wamatumbi tulioshuka kutoka vilima vya kusini. Yeye alikuwa Mhindi wa dini ya Kihindu, aliyezaliwa Kibiti hapahapa nyuma ya duka la baba yake. Utani una nasaba yake. Makabila yaliyopigana zamani kisha yakapatana ndiyo hutaniana, na kazi kubwa ya mtani huonekana msibani. Yeye huigiza mwendo wa marehemu, humsuta maiti kwa ubahili wake, hulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Waliofiwa hucheka na machozi yakiwatoka, na kwetu msiba usio na kicheko hicho huonekana umepungukiwa. Baba alikuwa na hoja ambayo hakuna mzee yeyote aliyewahi kuipangua. "Watu wetu na wenye maduka," alisema, "wamepigana vita vya mizani tangu enzi za pamba. Sisi tulilowesha pamba iwe nzito, wao walichezea mizani. Baadaye tukapatana. Kama hiyo si vita, vita ni nini?"

Waliitana mtani kwa zaidi ya nusu ya maisha yao, na katika miaka ya mwisho walitaniana juu ya mchezo ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuuona.

Wajukuu wa mwenye duka kule Kanada walikusanya kadi zenye picha za wachezaji wa mpira wa magongo, ule unaochezwa juu ya barafu. Kadi zilizozidi walimtumia babu yao, kwa kuwa walisikia kwamba ujanani alicheza magongo. Ni kweli alicheza, lakini kwenye kiwanja kikavu cha Dar es Salaam, vumbi likimpanda hadi masikioni. Kwetu barafu ilikuwa ile ya rangi nyekundu iliyogandishwa ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, ambayo wanafunzi waliinyonya wakitoka shule. Baba alipoelezwa kwamba kuna watu wazima wanaovaa viatu vyenye visu na kugombea kisahani cha mpira juu ya barafu ngumu kama sakafu, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaomba azione hizo nyuso.

Pamoja na kadi lilikuja gazeti lenye makala ya kuchagua timu ya wachezaji bora wa nyakati zote. Nilikuwa nimemaliza chuo na nikifundisha Kiingereza sekondari, kwa hiyo waliniita kibarazani mwa duka niwasomee. Kichwa cha makala nilikifasiri kwa haraka, nikasema, "Timu ya daima."

Baba aliinua kidole. "Daima? Basi ni timu ya marehemu. Aliye hai hana daima."

"Hapana, Baba, maana yake ni nyakati zote, wa zamani na wa sasa."

"Mwalimu umeshasema. Daima ni kwa Mungu, na walioko kwa Mungu ni waliokufa. Mtani, toa wote wanaopumua."

Mwenye duka alipinga, maana wafungaji wake wawili walikuwa wangali hai, wazee waliostaafu. Lakini kanuni hiyo ilimpendeza kwa namna fulani, akaikubali. Kuanzia siku hiyo timu ya daima ilikuwa ya wafu watupu, sita kila upande: golikipa, walinzi wawili, washambuliaji watatu. Walizipanga kadi juu ya jamvi, kila mtu na kikosi chake, wakazicheza mechi kwa maneno.

Hawakuchagua kwa njia moja. Mwenye duka aligeuza kadi na kusoma mabao yaliyoandikwa nyuma, kama mtu anayekagua bidhaa. Baba, ambaye maisha yake yote aliwinga nguruwe mwitu shambani kwake, alitazama shingo, macho na meno yaliyong'oka.

"Huyu aliwafunga wote wa zama zake," mwenye duka alikuwa akisema.

"Na zama zake timu zilikuwa ngapi? Ukicheza na walewale kila juma, hata shemeji yangu kipofu atafunga."

"Na wako, mtani, hana hata bao moja!"

"Wangu ni mlinzi. Hakufunga, aliwazuia wako wasifunge. Nani huandika nyuma ya kadi yale yaliyozuiwa?"

Gazeti lilieleza kwamba hapo mwanzo mchezaji hakuruhusiwa kumpasia mwenzake aliye mbele yake. Baba alilipokea jambo hilo kama ushahidi mahakamani. Wa zamani, alisema, kila mmoja alibeba mzigo wake mwenyewe hadi mlangoni. Hawa wa sasa wanarushiana kama watu wanaopakua matikiti. Hivyo ndivyo alivyolinganisha zama na zama, na mara nyingi nilishuku kwamba hazungumzii barafu.

Kwa maana miaka hiyo ilikuwa ya ruhusa ya biashara. Malori yalishusha mitumba, sabuni na betri za nchi za nje kando ya barabara, kuanzia Bungu hadi Ikwiriri, na kila kijana mwenye meza alikuwa mfanyabiashara. Wakati rafu za mwenye duka zilipokuwa tupu, watu walijaa kibarazani kuuliza sukari itakuja lini. Sasa kila kitu kilipatikana kila mahali, na kibarazani walibaki wazee wawili na kadi zao.

Timu ya Baba ilikuwa na pengo moja. Golikipa aliyempenda alikuwa wa zama zile ambazo makipa walisimama bila kinyago, na uso wake ulikuwa na makovu ya nyuzi kutoka paji hadi kidevu. "Huyu ni gunia la korosho," Baba alisema kwa heshima, "limepasuka likashonwa, limepasuka likashonwa." Lakini nilipowasomea habari zake, ilionekana kwamba mzee huyo angali hai. Baba alikataa kuchukua mwingine.

"Lango langu litakaa wazi. Namsubiri."

"Unamwombea mtu afe kwa ajili ya mechi?" aliuliza mwenye duka.

"Simwombei. Namsubiri tu. Sote tunasubiriwa."

Mwaka haukupita kabla ya chakula kuanza kumkwama.

Basi, Jumamosi hiyo, nilipoingia chumbani na barafu iliyopondwa, Baba alilitazama bakuli kwanza, kisha mimi. Sauti yake ilikuwa imebaki ya pumzi tu.

"Amekwambia?"

Nikaketi. Kumbe alikuwa ameona kila kitu kupitia dirishani: rafu zinavyoshushwa, mizani inavyofungwa kwenye gunia.

"Mwite aje anitanie," alisema.

"Si anakutania kila siku, Baba?"

"Anitanie kama maiti."

Shangazi, dada yake mkubwa aliyekuja kutoka Mkongo kumuuguza, alikuwa akikunja nguo miguuni pa kitanda. Aliziachia zikaanguka. "Astaghfirullahi! Mdogo wangu, unajiita kifo kwa jina? Hatanii mtu maiti anayepumua. Tena Mhindi! Hata makaburi hawana, watu wa kuchomana moto!"

"Akisubiri nife, atakuwa Kanada," Baba alisema. Akapumzika, kisha akaongeza, "Nani atalala kaburini mwangu, dada?"

"Watani wapo. Wa asili. Watakuja."

"Hao hawanijui."

Shangazi alinigeukia ili nimkatalie baba yangu. Nilichukua mtandio wangu nikavuka barabara.

Mwenye duka alikuja baada ya sala ya alasiri, amevaa shati jeupe kana kwamba anakwenda kortini. Alisimama mlangoni, akamwona Baba alivyokonda, ingawa alikuwa akimwona kila siku, na midomo ikaanza kumtetemeka.

"Unalia?" Baba alimnong'oneza. "Mtani halii. Anza."

Alijifuta uso. Akaitwaa fimbo ya Baba iliyoegemea ukutani na kuzunguka chumba kwa mwendo wa Baba mwenyewe, goti la kushoto likichelewa, kidole kikiwa juu. Sijawahi kuona mtu akiigizwa kwa uaminifu kiasi hicho. "Nani huyu amelala mchana?" aliuliza kwa ukali. "Ni yule Mmatumbi aliyelowesha pamba mpaka ikaota majani! Leo amelowa mwenyewe! Inuka tukupime!"

"Banyani mbaya," Baba alijibu, "barafu yake dawa."

Nilicheka. Shangazi aliugeuzia uso ukuta, lakini mabega yake yalitikisika, na hadi leo sijui kama yalikuwa ya kilio.

Kisha mwenye duka akajilaza sakafuni kando ya kitanda, ubavu juu ya mkeka, mikono ameikunja kifuani, mzee mzima katika shati lake jeupe. Akafumba macho. "Hapa ni pangu. Sitoki mpaka nipewe changu."

"Unataka nini?"

"Yule mlinzi."

Alikuwa mlinzi ambaye wote wawili walimgombea tangu mwanzo, mtu mwenye shingo ya fahali na pengo la meno manne, na Baba alimhifadhi chini ya mto. Alikataa. Mwenye duka akasema basi atazikwa yeye. Baba akasema azikwe, kaburi litapata joto, maana watu wa moto wakiingia kwenye uwanja wa barafu watauyeyusha. Waliendelea hivyo, mmoja kwa mnong'ono na mwingine kwa sauti ya sokoni, mpaka mkono wa Baba ukapapasa chini ya mto ukatoa kadi.

"Chukua. Lakini usimchezeshe mbele."

Mwenye duka alikaa kitako, akaitia mfukoni. "Na golikipa wako, mtani? Yule gunia angali hai. Unamtangulia. Utafika huko, timu imekamilika, lango wazi. Itakubidi usimame wewe."

"Nitasimama."

"Kisahani kile kitakupasua uso."

"Bila kinyago," Baba alisema, akacheka. Kicheko hicho kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaleta damu, nyingi, juu ya kanga niliyopondea barafu.

"Toka!" Shangazi alipiga kelele. "Toka, umeshamuua!"

Mwenye duka alitoka kinyumenyume, mkono juu ya mfuko wa shati. Hawakuagana kwa neno lingine. Siku ile basi lilipowachukua yeye na mkewe, Baba alikuwa amelala usingizi wa vidonge, na sikumwamsha.

Mnunuzi alilihamishia friji Ikwiriri. Kuanzia hapo tulimlowesha Baba midomo kwa pamba na maji ya mtungi yaliyopoa usiku, naye aliyageuzia uso. Hakulalamika. Aliuliza mara moja tu kama basi limefika salama, na baada ya siku chache akafa, asubuhi, akiwa mwepesi kuliko mtoto.

Watani wetu wa asili walikuja mazishini kama Shangazi alivyoahidi. Walikuwa wanaume wawili wachangamfu waliojipaka majivu usoni. Jeneza lilipoinuliwa wakalishika miguu katikati ya ua, wakitangaza kwamba bahili huyu hatoki bure. Waombolezaji walianza kutabasamu, kwa kuwa hiyo ndiyo saa yake. Ndipo Shangazi alipotoka ndani, kanga imefungwa kiunoni, akasimama mbele yao.

"Liachieni. Mmechelewa. Ameshataniwa."

"Na nani?" waliuliza.

"Na mtani wake."

Walimtazama, wakatazamana, wakaachia. Jeneza likatoka uani bila kicheko, na nyayo za wabebaji zikasikika barabarani mpaka zilipolipita duka.

Wiki kadhaa baadaye nilimwandikia mwenye duka barua hii:

"Mtani wa Baba, salamu nyingi kwako na kwa Mama. Nasikitika kukuarifu kwamba Baba alitutoka muda mfupi baada ya safari yenu. Aliuliza kama mmefika salama. Nilimjibu ndiyo, kabla sijajua. Watani walikuja msibani na Shangazi akawarudisha, akisema kazi imekwisha kufanywa. Ameniagiza nikuandikie kwamba hukupaswa kumchekesha vile, na kwamba anakushukuru. Ameyasema yote mawili kwa pumzi moja, nami nayaandika kama alivyoyasema. Kadi za Baba ninazo mimi. Mlinzi ni wako kwa haki. Wajukuu wakikuambia kwamba yule golikipa mzee angali hai, mwache aishi, wala usimhesabie miaka. Golini kwetu kuna mtu."