Mtu Majini

Melini, mtu akianguka baharini, wa kwanza kumwona ana kazi moja tu. Anapaza sauti, "Mtu majini!", ananyoosha mkono kumwelekea, na tangu hapo haruhusiwi kumwondolea macho. Harushi boya wala hashushi mashua; hayo watafanya wengine. Yeye ni kuonyesha tu. Kichwa cha mtu kati ya mawimbi ni kama nazi, na meli inapogeuka, bahari yote hufanana. Ukitazama kando mara moja, umempoteza.

Najua kwa sababu nimewahi kuwa hiyo nazi. Tulikuwa nyuma melini tukikunja kamba, wimbi likapanda likanizoa. Nilipoibuka, meli ilikuwa imeshanipa mgongo. Nikaona mkono mmoja umenyooshwa. Ulikuwa wa rafiki yangu.

Sisi wawili ndio tulikuwa Waturkana pekee katika meli ile ya kivita. Mkubwa wetu wa sitaha, mtu wa Lamu, alituita mapacha, ingawa mwenzangu alinizidi urefu kwa kichwa kizima.

"Nyie wana wa mchanga," alikuwa akisema, "bahari mwaijua, au mwaisikia redioni?"

"Afande," rafiki yangu alimjibu, "sisi kwetu ziwa lina mamba. Hili lenu lina nini? Dagaa?"

Siku ile, waliponirudisha sitahani, nilimkuta bado ameunyoosha mkono. Mkubwa alimshika kiwiko akamwambia, "Shusha, mwanangu. Tushampata." Hakuweza; bega lilikuwa limekaza. Jioni mabaharia walimlisha wali kwa zamu, wakimwita bwana harusi. Nilipotaka zamu yangu wakanifukuza: "Wewe kaa huko, mtu wa maji!" Kulikuwa na watu wa kila pembe ya nchi mezani pale, na hakuna mahali nilipojiona nyumbani zaidi.

Tulistaafu. Mimi nikarudi Lodwar, natengeneza pampu za maji. Yeye akaenda kwa mama yake Kakuma, karibu na laga ya Tarach, mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu.

Mvua iliponyesha milimani, mdogo wake alinipigia simu. "Kaka, njoo. Laga imemchukua."

Kijana wa bodaboda, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikuwa amejaribu kuvuka, maji yakamzingira katikati na pikipiki yake. Rafiki yangu aliingia akamfuata. Alimsukuma hadi ukingoni, watu wakamvuta kijana juu, na wakati huo gogo lililokuja na maji likampiga mwokoaji.

Nilifika kesho yake asubuhi. Maji yalikuwa yameshuka hadi magotini. Mwili haukuwa umeonekana, na mama alitaka kitu kimoja tu: amzike mwanawe nyumbani. Nikawauliza waliokuwepo ni wapi alionekana mara ya mwisho.

"Pale kwenye kona," mdogo wake alisema.

"Aka! Si pale. Ni chini, kwa ule mti umelala," mwanamke mmoja akamkatiza.

Kijana wa bodaboda, akilia, alionyesha katikati. Kila mkono ulielekea upande tofauti.

"Hakuna aliyebaki akimtazama?"

"Mzee, tulikimbia kutafuta kamba," kijana akajibu.

"Wote?"

"Wote."

Siwalaumu. Walifanya anachofanya mtu mwema yeyote. Kubaki umesimama, mikono mitupu, mwenzako akizama, ni jambo ambalo mtu hulifanya akiwa amefundishwa.

Tulitafuta tukichoma mchanga kwa fimbo, kuanzia kila mahali palipoonyeshwa, hadi kule laga inakotawanyika na kupotea. Jamaa mmoja ukingoni alisema, "Baharia mzima, anaenda kufa kwa laga?" Ilibidi nimshike mdogo wa rafiki yangu kiunoni asimrukie.

Mama naye aliniuliza, kwa Kiturkana, kama huko baharini tulifundishwa kuogelea.

"Ndiyo, mama. Alitushinda sote." Nikaanza kumweleza kwamba maji ya laga ni matope, mawe na miti, kwamba hata...

"Laga naijua," akanikatiza. "Nimezaliwa hapa. Nakuuliza yuko wapi."

Nilimpigia mkubwa wetu. Sasa ni mzee, yuko kwao Lamu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nani alikuwa akimwonyesha?"

"Hakuna, Afande."

Nilimsikia akipenga kamasi, kisha simu ikakatika.

Hatukumpata. Laga ilikauka, na baada ya wiki kadhaa wanawake wakarudi kuchimba visima mchangani, kama wafanyavyo kila kiangazi. Maji yake ni safi na baridi, na kisima cha karibu kinaonekana kutoka mlangoni kwa mama.

Nilipokwenda kumsalimu nilikuta mtungi wake umekauka. Akaniambia nikae nisubiri. Alijitwika dumu akaenda, si upande wa laga, bali upande wa bombani, mbali, juani. Nilitaka kumpokea dumu akakataa. Aliporudi alichemsha chai, akanimiminia kikombe kilichojaa.

"Kunywa," alisema. "Maji haya hayajapita kwake."