Dakika Ishirini na Tano Kutoka Getini

Kutoka geti la kiwanda mpaka mlango wetu ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Mama aliutembea mwenyewe wiki niliyoajiriwa kupaki majani chai, akaniambia, "Nimepima. Ukizidisha, utanieleza."

Alikuwa amechuma chai kwenye shamba la kampuni hadi mashine za kuchuma zilipoletwa, na wachumaji wengi wakaambiwa waende nyumbani. Tangu hapo aliishikilia kazi yangu kuliko mimi. "Wewe cheza na wanaume," alisema akimenya viazi, bila kuniangalia. "Ukipata mimba, kazi imeisha. Na mwenye alikupea humwoni tena." Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, na bado nilijibu, "Ndiyo, Mama."

Lakini nilikuwa na mpenzi. Aliendesha lori la kukusanya majani, mtoto wa watu waliohamia huku kutoka upande wa ziwa. Madereva walikatazwa kubeba abiria, lakini yeye alinichukua mbele kidogo ya geti akanishusha karibu na kwetu. Safari ilichukua dakika tano. Zile ishirini zilizobaki zilikuwa zetu, lori limeegeshwa kando ya michai, tukiongea.

Alasiri moja ya mvua lori liliteleza kwenye kona. Liliserereka polepole, nikaona michai ikijaa kwenye kioo, kisha tukalala ubavu mtaroni. Mimi nilitoka. Yeye mguu ulikuwa umebanwa chini ya usukani, ukivuja damu.

"Enda," aliniambia, midomo imepauka. "Wakikupata hapa, sisi wote tumefutwa kazi."

Simu haikushika netiwaki. Kiwanda kilikuwa mbali, kwetu kulikuwa karibu. Nilikimbia nikilia, na sitaficha: nilimwogopa Mama kuliko nilivyoiogopa ile damu.

Aliyatazama matope mwilini mwangu. "Nani?"

"Dereva. Mguu umebanwa. Mama, nilikuwa ndani na yeye."

Hakuuliza tena. Alichukua mtaimbo, tukashuka mbio. Alipinda chuma, mimi nikavuta, dereva akapiga kelele mpaka akatoka. Tuliposikia gari la kiwanda likija kulitafuta lori, Mama alinisukuma katikati ya michai. "Lala hapo. Usikohoe."

Nililala kwenye maji, nikamsikia supavaisa akiuliza dereva alikuwa na nani.

"Alikuwa peke yake," Mama akajibu. "Ni mimi nimempata."

Mama, anayeongoza maombi ya akina mama kanisani, aliyewahi kunichapa kwa uongo wa kijiko kimoja cha sukari. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Siku nne hakuniongelesha. Aliniwekea chakula, akatoka. Afadhali angenichapa. Kazini nilipaki nikingoja kuitwa ofisini. Kila mlango ulipofunguka niligeuka. Sikuitwa.

Siku ya tano alisema, "Akipona, aje na watu wake. Mchana. Kama hawezi, nisisikie habari yake tena."

Alikuja Jumamosi moja, kwa magongo, pamoja na shangazi yake. Nilijificha jikoni, nikipanga vikombe. Nilimsikia Mama akiwakaribisha viti, kisha akimwambia:

"Msichana wangu hataacha kazi. Hata akiolewa. Hata akizaa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sema tena."

Akasema tena. Ndipo Mama akaniita nilete chai.